Canter ya zamani au dizeli mpya: nimepiga hesabu za Makambako hadi Dar

Shemeji yangu alinipigia simu wiki iliyopita saa mbili usiku. Sauti yake tu ilinionyesha ana profoma mkononi. "Shem, nimeletewa bei ya Isuzu mpya kabisa, zero kilomita. Niuze Canter nikope, au nihangaike na hii hii?" Nilimwambia anipe siku tatu. Swali hilo nami linanikosesha usingizi tangu mwaka jana, maana Canter yangu, lori dogo la Mitsubishi la mwaka 1998, lenye namba za usajili za herufi B, imeanza kula oili.

Yafuatayo ndiyo niliyomjibu, nikiongeza mambo ambayo kwenye simu hayakuingia. Tunachobeba ni viazi kutoka Makambako kwenda Dar, karibu kilomita 650. Kurudi tunabeba chochote kitakachopatikana: saruji, mabati, bidhaa za Kariakoo. Anayebeba kokoto mjini au matikiti ya Dodoma abadilishe tarakimu zangu aweke zake.

Kwanza tuelewane "mpya" ni ipi

Watu wengi wanaposema dizeli mpya wanachanganya magari mawili yasiyofanana hata kidogo.

Lipo jipya la dukani, lililotengenezewa masoko ya kwetu. Injini yake ni ya komonreli (dizeli inapulizwa kwa mgandamizo mkubwa sana), ina turbo na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, lakini mara nyingi mfumo wa kusafisha moshi ni mwepesi. Isuzu NQR yenye injini ya 4HK1, sentimita za ujazo 5,193, ndiyo mfano unaouona kila mahali kuanzia Nairobi hadi Mbeya.

Halafu lipo lililotumika Japani, la mwaka 2011 kuja huku, lililoshushwa bandarini likiwa linang'aa kama limetoka kiwandani leo. Hili lilitengenezewa sheria za Japani. Kwenye egzosi lina chujio la masizi, ambalo mafundi wanaliita DPF, na mengine yana tanki la AdBlue, ule mchanganyiko wa maji na yurea asilimia 32.5 unaosaidia kusafisha moshi. Canter za Japani kuanzia mwishoni mwa 2010 zilianza pia kuja na gia boksi ya Duonic, yenye klachi mbili na inayojibadilishia gia yenyewe.

Hili la pili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, nami nasema hivyo kwa kumhurumia anayetaka kulinunua. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuunguza yale masizi kwa joto la karibu nyuzi 600. Linataka dizeli yenye salfa kidogo, oili maalumu isiyoacha majivu mengi (kwenye kopo tafuta maandishi ya JASO DH-2), na safari ndefu zisizokatizwa ili joto lipande. Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki tangu Januari 2015 ni 50. Ni hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka, lakini gari lile halikuundwa kwa ajili ya kiwango hicho.

Binamu yangu alinunua moja la namna hiyo. Mwezi wa tano taa ya njano ikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Dereva akaizoea kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Walipofika katikati ya mbuga ya Mikumi, gari likajipunguzia nguvu lenyewe, likawa haliendi zaidi ya kilomita 30 kwa saa, na tani nne za viazi ziko juu. Fundi aliyepatikana Morogoro hakuwa na mashine ya kusoma kosa. Akashauri chujio likatwe na bomba lichomelewe. Likakatwa. Kontroli boksi, ambayo haikuambiwa lolote, ikaendelea kudai chujio lisilokuwepo. Gari likakaa juu ya mawe miezi miwili hadi akapatikana mtu wa kuibadilisha programu.

Kwa hiyo shemeji nilimwambia kwanza kabisa: hilo la pili tuliweke kando. Litamfaa aliyeko Dar, aliye na fundi wa kompyuta jirani na mahali pa uhakika pa kununua AdBlue. Sisi wa Makambako bado. Kuanzia hapa nikisema jipya, nazungumzia la dukani.

Injini kwa injini

Canter ya zamani ina 4D33, sentimita za ujazo 4,214, haina turbo, na pampu yake ni ya vyuma vitupu. Umeme inauhitaji kuwashia tu. Ikishawaka, ukichomoa betri inaendelea kunguruma. Nozo zake, yaani vipulizio vya dizeli, hufunguka kwa mgandamizo wa bar 200 hivi. Fundi pampu mwenye meza yake ya kupimia anaweza kuzirekebisha Mafinga, Makambako, Tunduma, popote. Nozo moja nilibadilisha mwaka jana kwa shilingi 40,000.

Ile mpya inasukuma dizeli kwa bar 1,600 na zaidi, kupitia injekta zenye matundu madogo sana. Ndiyo maana haina ule moshi mweusi wa mlimani, ndiyo maana inavuta kwa nguvu kuanzia mizunguko ya chini, na ndiyo maana inakula mafuta kidogo kwa mzigo uleule. Faida hizo ni za kweli, nimeziendesha mwenyewe. Lakini bei ya mgandamizo huo ni usafi. Tone la maji ambalo kwenye 4D33 lingekohozwa na kusahaulika, kwenye injekta ya komonreli linakwangua chuma. Niliuliza bei ya injekta moja kwenye duka la spea, nikaambiwa milioni 1.3. Ziko nne.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mafuta yetu. Tunaokumbuka miaka ya uchakachuaji tunajua dizeli ilivyokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta Septemba 2010, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa hadi mchezo ule ukakosa faida. Dizeli ya vituoni leo kwa kiasi kikubwa si tatizo. Tatizo ni madumu. Dizeli inayouzwa kando ya barabara usiku, iliyonyonywa kwenye malori ya watu, imekaa kwenye dumu lililowahi kubeba maji, au mafuta ya alizeti. Dereva anainunua kwa bei ya chini, anaandika risiti ya kituo, tofauti anaweka mfukoni. Kwenye Canter ya zamani wizi huo unakugharimu shilingi elfu ishirini. Kwenye mpya unaweza kukugharimu milioni tano. Kama dereva wako humwamini kwenye mafuta, tatizo hilo litatue kabla ya kununua gari jipya, si baada ya kulinunua.

Na ukishanunua, chujio la kutenganisha maji lifunguliwe bomba kila asubuhi. Dakika moja tu. Dereva aliyezoea gari la zamani hataliona kuwa ni kazi mpaka umsimamie.

Hesabu yenyewe

Nimechukua daftari langu la miezi kumi na miwili. Tarakimu nimezilainisha kidogo zikae sawa, lakini hazijaondoka mbali.

Kwenda na kurudi ni kilomita 1,300. Canter yangu inakwenda kilomita 5 kwa lita, yaani lita 260. Gari jipya la ukubwa wa karibu linakwenda kilomita 6 kwa lita, yaani lita 217 hivi. Dizeli tuiweke shilingi 3,000 (bei kikomo hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako). Tofauti ni kama 130,000 kwa tripu.

Canter yangu, baada ya mafuta, posho ya dereva na tandiboi, ushuru na mizani, inaniachia 650,000 kwa tripu. Inapiga tripu nne kwa mwezi, si kwa kukosa mzigo, bali kwa sababu kila mwezi kuna siku tatu nne inalala gereji. Hizo ni milioni 2.6. Matengenezo yalinila milioni 9.6 kwa mwaka, yaani 800,000 kwa mwezi. Ninabaki na milioni 1.8.

Sasa gari jipya. Tuchukue profoma ya milioni 120, utangulize asilimia 30, ukope milioni 84 kwa miezi 36, riba asilimia 17 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Rejesho linakuja karibu milioni 3 kila mwezi. Angalia hayo maneno "salio linalopungua". Kama mkopeshaji anahesabu riba kwa mkopo wote kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho bila kupunguza, asilimia ileile 17 inakupeleka kwenye rejesho la milioni 3.5. Uliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Mkopo unadai bima kubwa. Ukiikadiria asilimia 4 ya thamani, ni 400,000 kwa mwezi. Sevisi tuweke 250,000. Tripu moja sasa inaacha 780,000 kwa sababu ya akiba ya mafuta. Gari halilali gereji, kwa hiyo linapiga tano: milioni 3.9. Toa bima na sevisi, inabaki 3.25. Toa rejesho.

Unabaki na 250,000.

Nilipoirudia hesabu hiyo usiku ule nilidhani nimekosea. Gari zuri zaidi, linalokula kidogo, lisiloharibika, na wewe mwenye gari unakula robo ya milioni kwa mwezi, miaka mitatu. Mwezi ambao mvua imekata barabara au viazi vimeshuka bei na mkulima amegoma kuchimba, huna hata hiyo.

Basi nikajiuliza: ni tripu ngapi zitakazonirudisha kwenye milioni 1.8 ninazopata leo? Jibu ni saba. Saba mara 780,000 ni milioni 5.46, toa bima, sevisi na rejesho, unabaki na 1.81. Na tripu moja yetu, ukihesabu kupakia, kusafiri, kusubiri dalali sokoni, kutafuta mzigo wa kurudia na kupanda tena, ni siku nne. Saba mara nne ni siku 28. Yaani mwezi wote, pasipo msiba, pasipo kusubiri mzigo hata asubuhi moja.

Upo upande wa pili, nao ni wa haki uhesabiwe. Baada ya miezi 36 gari ni lako, na lori la miaka mitatu lililotunzwa bado lina bei nzuri, wakati Canter yangu itakuwa imezeeka miaka mitatu zaidi. Na ukichukua NQR, ambayo hubeba tani tano hivi, badala ya tatu na nusu za kadi yangu, kila tripu inaacha zaidi na tripu saba zinaweza kushuka kuwa tano. Lakini hapo tena mzigo wa kuijaza uwepo pande zote mbili. Na usinijibu kwa rumbesa, yaani kujaza kupita kipimo. Kwenye mizani ya Makambako, Mikumi na Vigwaza uzito ni uzito, liwe gari jipya liwe la zamani.

Kitonga

Kuna jambo moja ambalo sitaki liingie kwenye hesabu ya pesa.

Sisi tunashuka Kitonga, ule mlima wa kona kali kati ya Iringa na Ruaha Mbuyuni, tukiwa na mzigo. Wanaotoka Dar wanaipanda. Sisi tunaishuka na tani za viazi mgongoni, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Mwezi wa nane nilikaa kiti cha abiria kwenye Canter yangu mwenyewe. Dereva akaingiza gia namba mbili kabla ya kuanza mteremko, akawasha egzosi breki (inayobana moshi ili injini yenyewe ipunguze mwendo), akawa anagusa breki ya mguu kwa kipimo. Mtu mzoefu. Hata hivyo kabla hatujafika chini nilisikia ile harufu, harufu ya utando wa breki ulioanza kuungua. Dereva hakusema kitu. Nilimwona tu akiishika stelingi kwa mikono miwili na kutazama kioo cha pembeni kila baada ya sekunde chache. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye mafungu ya vitunguu, akasimama, akashuka, akaweka kiganja karibu na rimu ya nyuma, akakiondoa haraka.

Ananiendeshea gari miaka sita, na ana watoto watatu. Nilikuwa nimeahirisha kubadilisha zile breki kwa wiki tano kwa sababu ya ada ya shule.

Magari mengi mapya huja na ABS, egzosi breki iliyo imara na breki ambazo hazijatembea kilomita milioni. Hiyo ni tofauti ya kweli na kwangu ina uzito kuliko mafuta. Lakini pia si kweli kwamba lori la zamani lazima lishuke Kitonga likinuka. Linashuka hivyo kwa sababu sisi wenye magari tunalipa injini kwanza na breki mwisho, maana injini isipowaka hakuna hesabu ya wiki, breki zikichoka hesabu bado inaletwa. Ukiamua kubaki na la zamani, badilisha mpangilio huo. Kama huwezi kulitengeneza breki, springi na stelingi kikamilifu, hulimudu, na ni bora uliuze.

Jinsi ya kujua kama la zamani linastahili kufufuliwa

Anza na chasisi, usianze na injini. Injini inafunguliwa, chasisi iliyochomelewa mara tatu haina dawa. Lala chini na tochi, tazama nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi. Ukiona mstari wa kutu ulionyooka kama uzi, huo ni ufa. Ufa mmoja unazungumzika. Ukiwa na mabamba yaliyopachikwa juu ya mabamba, simama hapo hapo.

Kisha washa injini, iache ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze, kiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitulia au kutetemeka kidogo, ringi bado zina uhai. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua, jiandae na ovahoo, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa. Yangu kifuniko kilianguka chini.

Tazama na moshi. Mweusi mlimani mara nyingi ni nozo au chujio la hewa, ugonjwa mdogo. Wa bluu ni oili. Mweupe usioisha hata injini ikiwa moto, huku maji yakipungua kwenye rejeta, chunguza gasketi ya silinda hedi kabla hujasafiri tena.

Ovahoo ya 4D33 pamoja na pistoni, ringi, slivu, bearingi na pampu kupimwa, mafundi watatu waliniambia kati ya milioni 6 na 7. Breki kamili, springi na kingpini, milioni 3. Jumla milioni 9 hadi 10. Hizo zinakaribia yale 9.6 niliyotoa mwaka jana kwa viraka vya hapa na pale.

Nani achukue lipi

Shemeji ana kitu ambacho mimi sina. Ana mkataba wa mwaka na ghala moja pale Iringa, mzigo wa kwenda Dar na wa kurudi, malipo kila mwisho wa mwezi. Gari lake halisubiri. Akiweza kufikisha tripu saba, au akachukua gari kubwa zaidi na kufikisha tano, lile jipya litamlipa, na akiwa na la zamani kuna siku atakwama njiani na kupoteza mkataba wote, ambao una thamani kuliko gari. Nilimwambia achukue, kwa masharti matatu: mkataba usiwe mfupi kuliko mkopo, na kwa kuwa sasa ni wa mwaka mmoja, akaombe wauongeze kwa maandishi kwanza, mafuta yajazwe kituo kimoja kwa akaunti na si kwa fedha taslimu mkononi mwa dereva, na akiba ya injekta mbili iwekwe benki kabla gari halijatoka dukani.

Mimi ninategemea msimu. Kuna miezi napata tripu sita nikizitaka, kuna miezi viazi vimekwisha na natafuta mbao Mafinga. Rejesho halijui msimu. Kwa mtu wa namna yangu, asiye na deni, mwenye gari lenye chasisi nzima na fundi anayemjua kwa jina, lile la zamani lililotengenezwa sawasawa bado ndilo chaguo la busara, na ile milioni 36 ya kutanguliza, kama unayo, ina kazi nyingine za kufanya.

Shemeji amerudi ghalani kuongea nao kuhusu miaka miwili zaidi. Canter yangu inaingia gereji Jumatatu. Nimemwambia fundi aanze na magurudumu ya nyuma, na asifungue injini hadi dereva wangu ameijaribu breki mwenyewe na kuniambia imeshika.